Nani Anapewa Neno? Tamthilia ya Kiswahili na Sauti Zilizosubiri Jukwaa

Kikundi cha maigizo kinapokaa kuchagua mchezo, jambo la mwanzo linalotazamwa aghlabu ni hesabu: waigizaji tulionao ni wangapi, na mchezo unataka watu wangapi? Katika visiwa vyetu hesabu hiyo hukwama mahali pamoja. Wasichana wanaotaka kuigiza wapo, tena pengine ni wengi kuliko wavulana, lakini kitabu kilichotolewa kabatini kina wanaume tisa na wanawake wawili, mmoja mama wa kulia na mwengine binti wa kuozwa. Basi wasichana waliobaki hupewa kazi ya kushona mavazi, au kuimba nyuma ya pazia, au kusimama jukwaani wakiitwa "wanakijiji". Kabla ya kuulizana nani ataigiza nani, ingefaa tuulizane jambo jengine: mchezo huu umempa nani neno?

Makala haya yanakusudia kupendekeza baadhi ya tamthilia za Kiswahili zilizoligawa neno hilo kwa upana zaidi, nyengine za miaka iliyopita na nyengine za hivi karibuni, kwa ajili ya skuli, vikundi vya mitaani na kila mwenye hamu ya kupandisha mchezo jukwaani. Walakini mapendekezo yasiyo na historia hayatatufikisha mbali, kwani tutaambiwa mara moja kwamba mchezo wenye sauti nyingi ni mtindo mpya ulioletwa na semina na wafadhili. Historia ya sanaa zetu inasema kinyume chake. Sauti nyingi ndizo zilizotangulia, na uchache wa sauti ulikuja baadaye, pamoja na karatasi.

Tuanze basi kabla ya karatasi. Katika unyago wanawake hawafundishani kwa mawaidha matupu. Huimba, hucheza na huigiza. Kungwi hujitia mume, akajitia mke, na mwari hujifunza kwa kutazama na kucheka. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki dunia Aprili 2013, alijulikana ulimwenguni kwa taarab, lakini hapa nyumbani alijulikana pia kuwa bingwa wa unyago, na wanawake waliopitia mikononi mwake wanajua kwamba kazi ile ilikuwa na hadhira, wahusika na mafunzo. Huko Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vyama vya lelemama vya wanawake vilishindana kwa nyimbo, mavazi na maandamano, kila chama kikijitahidi kumpiku mwenziwe mbele ya mji mzima. Wanawake hao walikuwa watungaji, wasimamizi na waigizaji wa kazi yao wenyewe.

Kisha yuko Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watu wa hali ya chini, ambaye mwaka 1928 alisafiri na wenziwe kwenda Bombay kurikodi sahani za santuri. Wimbo wake juu ya Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke kisha akakimbilia bara, uliifanya kesi ya mauaji kuwa mazungumzo ya mji. Aliyeuawa, aliyeua, mashahidi na hukumu, wote walipita katika kinywa cha mwimbaji mmoja. Wimbo huo hautuhesabikii kuwa tamthilia, lakini ulifanya kazi ambayo tamthilia hufanya. Uliyatoa mambo ya mahakamani na ya vichochoroni ukayaweka mbele ya watu wayahukumu wao.

Katika hafla za taarab kulikuwa vilevile na kichekesho, yaani igizo fupi la kuchekesha lililoingizwa baina ya nyimbo. Kichekesho hakikuandikwa. Waigizaji walikubaliana juu ya kisa, wakapanda, na maneno yakazaliwa papo hapo. Watu wake walikuwa watu wa mtaani: mume bakhili, mke mjanja, mchuuzi, mganga wa uongo, mtu wa shamba aliyefika mjini. Sanaa hiyo ilikuwa na kasoro zake, nami nitairudia mmoja wao baadaye. Lakini mtu mdogo alikuwa na neno katika kichekesho, na mara nyingi neno lake ndilo lililoufunga mchezo. Ebrahim Hussein alipoandika Alikiona, mchezo mfupi juu ya mke anayemhadaa mumewe, alikuwa akiuchota mtindo huo na kuutia katika kitabu.

Mchezo wa kuandikwa, kwa upande wake, ulizaliwa mahali pengine kabisa. Ulizaliwa skuli, na skuli zenyewe zilikuwa za wavulana. Katika miaka ya 1950, wanafunzi wa Alliance High School nchini Kenya walianza kutunga michezo yao kwa Kiswahili. Mchezo wa Henry Kuria, Nakupenda, Lakini..., ulichapishwa mwaka 1957, na ule wa Gerishon Ngugi, Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi, ukafuatia mwaka 1961. Mwaka huohuo wa 1957 Graham Hyslop, Mwingereza aliyekuwa akihimiza michezo ya aina hiyo, alichapisha Afadhali Mchawi. Si haki kuwalaumu vijana wale. Walikuwa wakijifunza sanaa ngeni kwa lugha ambayo wengi wao hawakuinyonya kwa mama zao, na walifungua njia. Lakini majina ya michezo miwili ya mwanzo yanatuonyesha jambo: mwanamke ni wa kupendwa, au ni wa kukosekana. Neno limo kinywani mwa kijana wa kiume anayemtaka.

Halafu zikaja tafsiri. Mwalimu Nyerere alitoa Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Samuel Mushi naye akatoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Kazi hizo ziliithibitishia dunia kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mashairi mazito ya jukwaani. Hata hivyo, tukizitazama kwa jicho la anayegawa nafasi, katika kisa cha Kaizari kuna wake wawili tu. Katika kisa cha wafanyabiashara wa Venisi mwanamke ndiye anayeshinda kesi, lakini hana budi kuvaa nguo za kiume kwanza ndipo asikilizwe. Mwalimu anayetaka kuwafanya wanafunzi wake wajadiliane juu ya nani anaruhusiwa kusema mahakamani, na kwa sharti gani, hatapata somo bora kuliko onyesho hilo.

Mwaka 1969 ndio uliobadilisha mambo. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa kusini mwa Tanganyika, iliirudisha Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 mikononi mwa waliopigana. Mchezo unafunguka kwa mazungumzo ya wanawake wawili juu ya njaa. Hapana shaka hilo halikuwa jambo la bahati, kwani mwandishi anatueleza kwamba vita vilianzia jikoni, kwenye chungu kitupu, kabla ya kufika kwenye bunduki. Lakini maji yakishatoka Ngarambe, mashauri yanakuwa ya wanaume, na wanawake wale hatuwasikii tena kwa uzito ule wa mwanzo. Nawaomba watakaoupandisha mchezo huu wasiufupishe ule mwanzo, kama inavyofanyika mara nyingi kwa kisingizio cha muda. Ukiuondoa, umeiondoa sababu ya vita.

Hussein mwenyewe hakusimama hapo. Mwaka 1988 alichapisha Kwenye Ukingo wa Thim, tamthilia iliyotokana na mgogoro uliotikisa Kenya baada ya wakili S. M. Otieno kufariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika mumewe mahali alipopachagua yeye, na ukoo ukataka azikwe kwao. Kesi ilimalizika Mei 1987 kwa ushindi wa ukoo. Katika tamthilia hiyo mjane si mtu wa kulia pembeni, bali ndiye mhimili wa mchezo, na ukoo unaompinga haukuchorwa kama kundi la wajinga. Kila upande umepewa hoja. Ni mchezo mgumu, unaotaka mazoezi ya miezi, lakini mwigizaji wa kike aliyekwisha kukomaa hatapata mitihani mingi mikubwa kuliko huo katika lugha yetu.

Aliyeligawa neno kwa makusudi zaidi kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Penina Muhando. Tangu Hatia, mwaka 1972, aliandika kwa Kiswahili chepesi ambacho kikundi chochote cha kijiji kinaweza kukishika, na hilo lilikuwa sehemu ya msimamo wake. Alisomesha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wakati huohuo alishughulika na maigizo ya vijijini, ambako wanakijiji wenyewe hutunga na kuigiza matatizo yao. Katika Nguzo Mama, iliyochapishwa mwaka 1982, wanawake wa kijiji kimoja wanajaribu kuisimamisha nguzo iliyolala chini. Hawakupewa majina ya kawaida, bali wanaitwa Bi Moja, Bi Mbili, mpaka Bi Nane, na msimulizi wao ni mwanamke. Kila mmoja ana lake: mume, mirathi, biashara, kiburi, uchovu. Nguzo haisimami kwa urahisi, na kosa si la wanaume peke yao. Hapo ndipo penye ukubwa wa mchezo, kwani mwandishi amewaheshimu wanawake kiasi cha kuwaruhusu wakosane na wakosee.

Kwa skuli yenye wasichana wengi, huu ndio mchezo wa kwanza ninaoupendekeza. Una nafasi nzito nane na zaidi za kike, hauhitaji mapambo ya gharama, na wimbo na ngoma vimo ndani yake. Pamoja nao nautaja Harakati za Ukombozi, ambao Muhando aliuandika kwa kushirikiana na Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya. Wanawake watatu waliandika pamoja tamthilia juu ya historia ya nchi, na si juu ya mambo ya nyumbani tu. Tukumbuke hilo kila tunapoambiwa kwamba mada za siasa ni za waandishi wanaume.

Wana wa visiwa hivi nao wamechangia, tena kwa namna yao. Farouk Topan, mzaliwa wa Unguja, katika Aliyeonja Pepo ya mwaka 1973, alimchukua mvuvi wa pwani, mtu asiye na cheo, akamfisha kwa makosa ya makarani wa mbinguni na kumfikisha Peponi kabla ya siku yake. Kicheko cha mchezo huo ni kicheko cha mtu mdogo mbele ya ofisi kubwa, na hakijachakaa hata leo. Said Ahmed Mohamed, mwana wa Pemba, alichapisha Kivuli Kinaishi mwaka 1990. Aliiazima Giningi, mji wa wachawi katika simulizi za Pemba, akaufanya dola linalowalevya raia wake. Anayelitawala dola hilo ni mwanamke, Bi Kirembwe, na anayempinga ni Mtolewa.

Bi Kirembwe anatufaa sana katika mjadala huu. Wako wanaodhani kwamba kuwapa wanawake nafasi jukwaani ni kuwafanya wote wema, wavumilivu na wenye kuonewa. Hiyo ni dhulma ya namna nyengine, kwa sababu inamnyima mwigizaji wa kike nusu ya sanaa yake. Mtawala mwenye hila, anayevutia na kutisha kwa pamoja, ni nafasi ambayo kila mwigizaji huitamani, na mwandishi wetu amempa mwanamke. Mwandishi huyohuyo alirudi visiwani mwaka 2008 kwa Posa za Bi Kisiwa, ambapo, kama jina linavyoonyesha, kisiwa kinapewa umbo la mwanamke anayeposwa. Sihitaji kuwaeleza wasomaji wa jarida la visiwani kwa nini jambo la nani anakiposa kisiwa, na kwa mahari gani, linastahiki kuonekana jukwaani kwetu kabla ya kwengine.

Huko Kenya mkondo huo uliendelea kwa nguvu. Ari Katini Mwachofi alitoa Mama Ee mwaka 1987, mchezo unaowatazama wanawake ndani ya ndoa na mila bila ya kuwaonea haya. Mwaka 1997 Kithaka wa Mberia alitoa Natala, juu ya mwanamke anayeambiwa mumewe amekufa na ambaye anakataa kurithiwa na shemeji yake. Kisha, katika miaka ya karibuni, ikaja Kigogo ya Pauline Kea, ambamo Tunu anamkabili mtawala wa Sagamoyo baada ya soko la wanyonge kufungwa. Upande wake wamo wachuuzi, mchonga vinyago na mke wa mchonga vinyago. Upande wa pili yumo hata mama muuza pombe ambaye tumbo lake linamfunga kwa wenye nguvu. Tamthilia hiyo ilisomwa kwa miaka kadhaa na watahiniwa wa sekondari wa Kenya kabla ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege kushika nafasi yake. Bembea imeshuka kutoka uwanja wa siasa hadi chumba cha mgonjwa. Sara anaugua, mumewe Yona amezongwa na pombe na maneno ya watu waliowacheka kwa kukosa mtoto wa kiume, na mabinti waliodharauliwa ndio wanaoibeba nyumba.

Nikiulizwa nipendekeze michezo miwili mipya kwa kikundi kimoja, nitaitaja hiyo miwili. Kigogo inafaa kikundi kikubwa chenye vijana wengi na sauti za kupaza. Bembea ya Maisha inafaa kikundi kidogo kinachotaka kujifunza utulivu, na inampa mwanamume aliyeanguka nafasi ngumu ya kuigiza kwa staha. Maana wanaume nao hufungwa na michezo yetu: akiwa si shujaa basi ni dhalimu, na akiwa si dhalimu basi ni mlevi wa kuchekwa. Yona ni mlevi, lakini hatuwezi kumcheka mpaka mwisho.

Sasa nirudi kwenye ile kasoro ya kichekesho niliyoiacha njiani. Mtu wa shamba alipewa neno, lakini mara nyingi alipewa ili lafudhi yake ichekwe. Desturi hiyo bado tunayo. Mtu wa Makunduchi, wa Tumbatu au wa Micheweni hupandishwa jukwaani mjini kuwa mzaha, na pindi mchezo unapofika kwenye jambo zito, maneno hurudi kwa yule asemaye kama mtangazaji wa redio. Watoto wa Kipemba wanaokaa miongoni mwa watazamaji wanaelewa wanachoambiwa. Basi napendekeza jambo lisilohitaji kitabu kipya: katika mchezo wowote uliotajwa hapa, muongozaji ampe mhusika mzito lahaja ya kijijini kwake, aiseme kwa utulivu, bila ya kuitilia chumvi. Mtolewa aseme Kipemba, kwani Giningi ni ya Pemba.

Liko pia jambo la heshima, ambalo hatuwezi kulipita kimya. Wazazi wengi huwazuia mabinti zao kuigiza, na si wote wanaochukia sanaa. Wanaogopa mazoezi ya usiku, safari za pamoja na maneno ya majirani. Khofu hiyo haiondoki kwa kuwaita wazazi watu wa zamani. Huondoka kwa mazoezi ya baada ya alasiri, kwa kuwapo mwalimu wa kike, na kwa kuwaalika mama zao kwenye mazoezi tangu wiki ya kwanza. Na mahali ambapo hayo hayatoshi, basi uwekwe usiku wa wanawake watupu, waigizaji na watazamaji. Bibi zetu walifanya hivyo katika ngoma zao, na hakuna aliyesema kwamba hawakuwa wasanii.

Lakini hatari kubwa zaidi kuliko zote ni mtihani. Tamthilia zetu nyingi zinaishi kwa sababu zimo katika silabasi, na silabasi ikibadilika hurudi kabatini. Mwanafunzi anaulizwa aeleze sifa za Tunu au dhamira za Nguzo Mama, akajibu vyema, akapata alama, bila ya kuwahi kusikia sauti ya mtu mwengine ikimjibu. Nafasi ya kuigiza haiko katika kitabu. Iko pale msichana wa darasa la kumi anaposema maneno ya Bi Kirembwe kwa mara ya kwanza na kuona wenziwe wamenyamaza. Yeye mwenyewe hashangazwi kidogo kuona kwamba anaweza kutisha.

Tukisema hatuna ukumbi, tutakuwa na sehemu ya ukweli. Kujenga na kuhifadhi kumbi ni kazi. Hata Bagamoyo, palipoanzishwa chuo cha sanaa mwaka 1981, ukumbi wake uliteketea kwa moto mwaka 2002. Hata hivyo Ngome Kongwe ina jukwaa la wazi ambalo limepokea filamu za tamasha la nchi za jahazi tangu mwaka 1998 na muziki wa Sauti za Busara tangu mwaka 2004. Tamthilia iliyoandikwa kwa Kiswahili haijapata tamasha la kiasi hicho. Na tusisahau kwamba kichekesho kilitosheka na uwanja wa harusi, mkeka na taa moja.

Basi msimu ujao, kikundi kitakapokaa kuchagua mchezo, kianze na Nguzo Mama kama wasichana ni wengi, au Aliyeonja Pepo kama watu wanataka kucheka, au Kivuli Kinaishi kama wamejiandaa kwa kazi kubwa. Kisha kichukue kalamu na kuhesabu, ukurasa kwa ukurasa, ni nani anayesema pale mambo yanapoamuliwa. Hesabu hiyo haichukui zaidi ya jioni moja, na ikishafanywa, wale waliokuwa wakishona mavazi huenda wakaitwa wayavae.